Pesa ya Yaya Inatoka Kwenye Karata

Yaya wangu anafua mashuka kwenye hoteli ya kasino huko Marekani. (Kwetu Fizi, yaya ni dada au kaka mkubwa. Wenzetu wa mashirika wanaosoma hapa wasifikiri ni mlezi wa watoto, kama Watanzania wanavyolitumia neno hilo.) Aliondoka hapa Nyarugusu mwaka 2016 na mfuko mweupe wa IOM kifuani, akapelekwa Spokane, mji ulio mashariki mwa jimbo la Washington, karibu kabisa na mpaka wa jimbo la Idaho. Miaka ya kwanza alifanya usafi wa maofisi usiku. Sasa yuko kwenye kasino ya kabila moja la wenyeji wa asili, chumba cha kufulia, na kila baada ya miezi miwili hivi anatutumia kitu.

Mama hakuitaka hiyo pesa. Mama ni mtu wa kanisa, wa maombi ya saa kumi alfajiri, na alipojua neno kasino maana yake ni nini alisema mara moja tu: "Ile franga ya karata isiingie mu nyumba yangu." Nikamwambia yaya hachezi, anafua. Akajibu kwamba anayefua shuka la mlevi anajua limetoka wapi.

Kazi yangu hapa kambini ni ukalimani. Nakaa katikati ya watu wawili, nahamisha maneno, na sitakiwi kuongeza la kwangu. Kwa hiyo yaya alipopewa karatasi za ajira, alizipiga picha zote akanitumia kwa WhatsApp: "Mdogo wangu, nisomee hizi, wanataka nitie sahihi." Nilizisoma kwa wiki mbili, nikaanza kutafuta na mengine, na ndiyo maana naandika haya. Ukitaka kumjibu mama kuhusu pesa ya karata, lazima kwanza ujue meza ni ya nani na nani anaamua karata zichezwe vipi.

Neno la kwanza lililonisumbua ni kabila. Kwa Kiingereza ni neno moja fupi, nasi tumezoea kulitafsiri hivyo. Lakini kwetu kabila ni kitu unachoulizwa kwenye kizuizi, usiku, na mtu mwenye bunduki, na jibu lako ndilo linaloamua kama utapita. Nilipomwambia yaya kwamba mwajiri wake ni kabila, alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akauliza: "Kabila gani? Wanatuchukia?"

Ilibidi nianze upya. Nikamwambia: kule kabila ni serikali. Lina baraza linalochaguliwa, lina mahakama, lina polisi, lina bajeti. Lilikuwa na ardhi kabla Marekani haijawa nchi, likatia sahihi mikataba au likawekewa mipaka kwa amri, likabakiwa na kipande. Jimbo linakizunguka kipande hicho pande zote, lakini haliko juu yake kama lilivyo juu ya miji na kaunti zake. Sheria ya jimbo haiingii mle ndani hivi hivi tu. Anayeweza kuiruhusu iingie ni Bunge la Marekani, Washington ile nyingine, ya mji mkuu.

Msomaji wa kambini atakuwa ameshaanza kulinganisha. Ardhi yenye mipaka yake, sheria yake, vibali vyake. Mimi pia nililinganisha, halafu nikajizuia. Sisi hapa ni wageni tuliopokelewa kwenye ardhi ya wenyewe. Wao ni wenye nyumba waliojikuta wamezungukwa na wageni. Hayo mawili hayalingani, hata kama uzio unafanana.

Sasa poka yenyewe. Vijana wa zoni yetu wanacheza karata kwenye mkeka chini ya mwembe, na kuna mwenye mkeka anayechukua shilingi mia kila mzunguko. Yeye hachezi. Wanaliana wenyewe kwa wenyewe, yeye anakula ushuru wa mkeka. Halafu kuna yule wa karata tatu sokoni, anayecheza na kila anayepita na hajawahi kupoteza tangu nimfahamu. Poka ya kasino ni ya aina ya kwanza. Kasino inatoa meza, taa, mlinzi na mgawa karata, inakata kidogo kwenye pesa iliyowekwa katikati ya meza au inatoza kwa muda, na haijali nani ameshinda. Mchezo kama blackjack ni tofauti: pale unacheza na nyumba yenyewe. Si utapeli kama karata tatu, lakini nyumba ni mshindani wako. Tofauti hii inaonekana ndogo, ila sheria nzima ya Marekani kuhusu poka kwenye ardhi za makabila imening'inia hapo.

Hadithi ya sheria hiyo inaanza na watu wachache sana. Kabila la Cabazon, kusini mwa California, wakati kesi yao inaamuliwa lilikuwa na watu kama 25 tu waliosajiliwa. Bomba letu moja la maji asubuhi lina foleni ndefu kuliko hiyo. Mwaka 1980 walifungua klabu ya karata, poka ikiwemo, na polisi wa mji wa jirani, Indio, wakaivamia. Baadaye ikaja kaunti ya Riverside, nyuma yake jimbo zima. Majirani zao Morongo, wenye bingo, wakaingia nao kwenye kesi, na mwezi wa pili mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, majaji sita kwa watatu, kwamba makabila yameshinda.

Sababu ndiyo iliyonikalisha usiku. Mwaka 1953 Bunge lilikuwa limeyapa majimbo machache, California mojawapo, ruhusa ya kutumia sheria zao za jinai ndani ya ardhi za makabila. California ikasema: basi sheria yetu ya kamari ni ya jinai, ina faini na kifungo, itaingia. Mahakama ikaiuliza kitu kingine kabisa. Je, mchezo huu umeukataza, au umeupangia utaratibu tu? Kwa sababu California wakati huo ilikuwa na bahati nasibu yake yenyewe ya serikali, ikiitangaza kwa wananchi wanunue tiketi, na ilikuwa na vyumba vingi vya karata vilivyofunguliwa kihalali mijini. Mtu anayefanya biashara ya kitu hawezi kusema kitu hicho ni marufuku. Anachoweza kusema ni kwamba kina masharti. Na masharti ya jimbo, mahakama ikasema, hayavuki mpaka wa ardhi ya kabila.

Marufuku na utaratibu. Nimeyatafsiri maneno haya mawili mara nyingi sana, mara nyingi kwenye sentensi moja. Hapa kwetu tangazo linasema ni marufuku kutoka nje ya kambi bila kibali. Ukilisoma kwa jicho la wale majaji, hilo si marufuku, ni utaratibu, maana kibali kipo. Lakini ukienda kuomba kibali ukaambiwa rudi wiki ijayo, na wiki ijayo ukaambiwa vivyo hivyo, utaratibu unageuka marufuku na hakuna neno lililobadilika kwenye tangazo. Sisemi hili kulaumu mtu. Nasema kama mtu wa maneno: tofauti hiyo iko kwenye karatasi, lakini inapimwa mlangoni.

Mwaka uliofuata, 1988, Bunge la Marekani liliingilia kati kwa kutunga sheria ya michezo ya kubahatisha kwenye ardhi za makabila. Majimbo yalikuwa yanalalamika, na sheria ikawapa nafasi mezani. Ikagawa michezo madaraja matatu. Daraja la kwanza ni michezo ya jadi na ya sherehe, hiyo ni ya kabila peke yake. La pili ni bingo pamoja na karata ambazo nyumba haichezi, yaani poka na ndugu zake. La tatu ni yote yaliyobaki, mashine za kamari na blackjack, na hayo hayachezwi mpaka kabila na jimbo wakae waandikiane mapatano. (Jimbo likikataa kukaa, je? Sheria ilisema kabila lilishtaki. Mwaka 1996, kwenye kesi ya kabila la Seminole na jimbo la Florida, Mahakama ya Juu ikasema Bunge halikuwa na uwezo wa kulilazimisha jimbo lishtakiwe hivyo. Mlango ukabaki kwenye karatasi, ufunguo ukachukuliwa.)

Kwa hiyo poka ilipata nafasi nzuri kidogo. Kabila halihitaji mapatano na gavana ili kuweka meza ya poka ya daraja la pili. Inatosha jimbo liwe limeiruhusu waziwazi, au liwe halijaikataza waziwazi na inachezwa mahali popote ndani ya jimbo. Lakini sheria ikaongeza mkia ambao bingo haukuwekewa: karata za kabila zifuate sheria ya jimbo kuhusu saa za kucheza, ukomo wa dau, na ukomo wa pesa ya katikati ya meza. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba ya poka imeshikwa na jimbo. Mimi naona hapa makabila hayakutendewa sawa. Kama ardhi ni yao na bingo ni yao, sioni kwa nini karata ziende kulala saa ambayo jirani amepanga.

Mfano wake mzuri uko kwa hao hao Seminole wa Florida. Hawa si watu wadogo. Mwaka 1979 walifungua ukumbi wa bingo wa dau kubwa mjini Hollywood, Florida, wakapelekwa mahakamani na mkuu wa polisi wa kaunti, wakashinda. Mwaka 2007 walikamilisha kununua kampuni ya Hard Rock, ile ya migahawa na hoteli duniani kote, kwa dola milioni 965. Watu wenye uwezo wa kununua kampuni ya namna hiyo, kwenye meza zao wenyewe za poka, kwenye ardhi yao wenyewe, walikuwa wamefungwa na sheria ya jimbo. Florida iliporuhusu vyumba vya karata mwaka 1997 ilisema pesa yote ya katikati isizidi dola 10. Mwaka 2003 ikaacha ukomo huo, ikasema badala yake dau moja lisizidi dola 2. Mwaka 2007 ikawa dola 5. Fikiria jengo zima la vioo, na ndani yake wanaume wazima wanasogezeana dola mbili mbili.

Tarehe 1 Julai 2010 jimbo likaondoa ukomo. Miaka mitatu baadaye, 2013, Seminole wakaandaa shindano la poka lenye zawadi iliyodhaminiwa ya dola milioni 10. Meza ni za kabila lile lile na ardhi ni ile ile. Kilichosogea ni mstari mmoja kwenye kitabu cha sheria cha watu wengine.

Haya yote nilimweleza mama kwa vipande, jioni, akichambua maharage. Sikutegemea asikilize, lakini aliuliza maswali mazuri kuliko ya wafanyakazi wengi niliowatafsiria. La kwanza: "Ile udongo walipewa ao ni yao?" Nikasema ni yao, mama, ni kidogo iliyobaki. La pili: faida inakwenda kwa nani? Nikamwambia sheria ya 1988 inataja matumizi matano: kuendesha serikali ya kabila, ustawi wa watu wake, maendeleo ya uchumi, sadaka kwa wahitaji, na kusaidia serikali za mitaa za jirani. Akatikisa kichwa. Halafu akauliza la tatu: "Na wenye wanapoteza?"

Hapo sikuwa na karatasi ya kumsomea. Yaya ameniambia kuna wageni ambao hulala kwenye magari yao maegeshoni kwa sababu pesa ya chumba imeishia mezani. Majaji walijadili nani ana haki ya kufungua meza. Anayelala kwenye gari hakuwa sehemu ya swali lao. Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali, vijana wetu wenyewe wanaweka mkeka wa mechi kwa simu za kuazima, na mama zao wanajua. (Ajabu nyingine: kwa yaya, jimbo la Washington, kucheza poka ya pesa kwa intaneti kumehesabiwa kosa kubwa la jinai tangu mwaka 2006. Ukikaa mezani na watu ni halali, ukilala kitandani na simu ni jinai.)

Mama alifikia uamuzi wake bila mimi. Pesa ya yaya inapokelewa sasa, inanunua unga, mafuta na madaftari ya wajukuu. Lakini zaka haitoki humo. Zaka inatoka kwenye pesa ya maharage, na kopo la maharage limewekwa rafu yake. Mchungaji aliposikia alicheka, akasema sawa. Yaya hakucheka, alikaa kimya kidogo kisha akauliza bei ya kilo ya maharage siku hizi.

Nilidhani nimemaliza, mpaka yaya aliponitajia magari. Alisema siku za Jumamosi, akitoka zamu, anakuta maegesho yamejaa namba za Idaho. Akauliza kwa nini watu wa Idaho wanakuja kucheza poka huku wakati wana kasino yao kubwa ya kabila kule kwao, Worley, ya watu wa Coeur d'Alene. Tena iko karibu na mpaka, alishapita nje yake akienda msibani.

Kasino ipo kweli, lakini meza za poka hazipo. Ziliwahi kuwepo kwa miezi michache. Mwezi wa tano mwaka 2014 kabila la Coeur d'Alene lilifungua chumba cha poka, aina ile maarufu ya Texas Hold'em, likisema huu ni mchezo wa daraja la pili, jimbo halina la kusema. Jimbo la Idaho likakimbilia mahakama ya shirikisho mwezi huo huo.

Hoja ya kabila ilikuwa nzuri, na kama ningekuwa mkalimani pale ningeitafsiri kwa raha. Walisema sheria ya jinai ya Idaho haihesabu kuwa kamari mashindano halisi ya ustadi, na Texas Hold'em inahitaji ustadi: kusoma uso wa mtu, kuhesabu, kujua lini uondoke. Wakasema pia kwamba poka inachezwa sehemu nyingine ndani ya Idaho na hakuna anayekamatwa. Ukikumbuka California, unaona walikokuwa wanaelekea. Walitaka mahakama iseme: huu si marufuku, ni utaratibu.

Tatizo lilikuwa neno moja. Mwaka 1992 Idaho ilirekebisha katiba yake kuzuia kamari za kasino, na katiba hiyo haikuishia kusema kamari kwa jumla. Iliorodhesha michezo kwa majina, na poka imo kwenye orodha, kwa jina lake. Mahakama haikuona haja ya kupima ustadi. Idaho ina bahati nasibu ya serikali, tangu 1989, na inaruhusu kubashiri farasi, lakini hilo halikuwasaidia kabila, kwa sababu mahakama iliangalia mchezo mmoja mmoja, na huu mmoja umekatazwa kwa jina. Mwezi wa tisa mwaka 2014 jaji akaamuru chumba kifungwe. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye.

Kinachonikera hapa si kwamba jimbo lilikuwa na msimamo. Jimbo likiamua hapana kwa kila mtu, hiyo angalau ni hapana iliyonyooka, na ndiyo maana lilishinda. Kinachonikera ni ukiingia Worley leo utazikuta mashine za kamari zinalia mchana na usiku, kwa sababu mwaka 2002 wapigakura wa Idaho walikubali kwa kura kwamba makabila yawe nazo, na makabila hutoa asilimia 5 ya mapato halisi kwa elimu na shule za jirani. Mashine inayomla mtu peke yake, bila mtu wa kumtazama usoni, inaruhusiwa. Watu tisa wanaokaa duara wakiliana kwa akili zao hawaruhusiwi. Nilimsomea yaya hilo mara mbili, akidhani nimekosea kutafsiri.

Basi mtu wa Worley mwenye hamu ya poka anawasha gari. Anakwenda magharibi, anavuka mstari ambao hauna kizuizi wala kamba, haulizwi kabila lake, haombwi kibali, na baada ya kama saa moja yuko mezani anagawiwa karata.